Upana wa Usukani

Wageni walitoka Nairobi na baiskeli za magurudumu manene, wakanikuta kibandani kwangu hapa Garsen nikiziba pancha ya muuza mkaa. Walikuwa wawili, mume na mke, watu wapole, wenye kofia ngumu vichwani hata walipokuwa wameketi kwenye benchi. Walitaka njia ya baiskeli ya kufuata mto kutoka Garsen kuteremka hadi karibu na Kilelengwani, ili walete watu waje kuendesha kwa starehe. Neno hilo, starehe, ndilo lililonishinda. Mimi huendesha baiskeli kwa sababu nina mahali pa kufika.

Walinionyesha kwenye simu mabonde ya ng'ambo walikowahi kuendesha: mto mweupe ukishuka kutoka kwenye theluji, nyasi fupi kama zimepita kwa kinyozi, vijia vikipinda kwenye miteremko. Nikawaambia Tana nao unaanzia mlimani kwenye barafu. Walifurahi sana. Sikuwaambia kwamba ukifika kwetu umekuwa wa kahawia, mzito, hauna haraka, na mteremko pekee tulio nao ni ule wa kushukia kuchota maji. Wangeona wenyewe.

Kazi ya kuitafuta njia nilipewa mimi, nami nikamchukua rafiki yangu ambaye tulilala bweni moja shuleni. Mimi ni Mpokomo, watu wetu wanalima kingo za mto. Yeye ni Muorma, watu wake wanachunga uwandani. Anauza ng'ombe katika soko la Garsen, na baiskeli anaiendesha vibaya, magoti yakiangalia huku na huku. Nilimchukua kwa sababu mimi nazijua njia za mashambani, zinazojibana na mto, na yeye anazijua njia za ng'ombe, zilizo pana na kuishia majini. Ningeachiwa peke yangu, wageni wangebeba baiskeli mabegani nusu ya safari. Angeachiwa yeye, wangezunguka uwanda wote bila kuuona mto.

Miiba ya miti ya mathenge ilitutoboa kabla hatujaacha kuiona minara ya simu ya Garsen. Nikaziba, tukaendelea. Karibu na msitu wa mtoni tuliingia kijia kizuri kupita vyote, mifuo miwili yenye tuta dogo katikati, imepigwa safi kati ya nyasi ndefu. Nikasema hapa ndipo wageni watakapopapenda. Rafiki yangu alikuwa ameshashuka kwenye baiskeli.

"Watapenda," alisema. "Mwenyewe pia anapenda, akirudi alfajiri."

Ilikuwa njia ya kiboko. Tukakubaliana wageni wapitishwe hapo jua likiwa kali tu, mwenyewe akiwa majini.

Kutoka hapo matumaini yetu yalikuwa kwenye malka. Malka ni njia ya ng'ombe inayoachwa wazi kati ya mashamba, ili mifugo ya uwandani ishuke mtoni kunywa wakati wa kiangazi. Hailimwi. Haina hati. Wazee wa pande mbili walikubaliana zamani, na kila mtu anajua inaanzia wapi na inaishia wapi. Kwa mtu wa baiskeli hakuna kitu kizuri zaidi: pana, tambarare, imeshindiliwa na kwato. Tulikata kona tukiwa tumeshaanza kuongeza mwendo, tukakuta mahindi.

Mahindi ya kiunoni, yamenawiri, kutoka ukingo huu wa malka hadi ukingo ule. Nilijua ni ya nani kabla mwenyewe hajatokeza na panga lake. Ni mjomba wangu, ndugu wa mama. Rafiki yangu aliyatazama mahindi, akanitazama mimi, kisha akainama kuukagua mnyororo wa baiskeli yake ambao haukuwa na tatizo lolote.

Mjomba ana maelezo yake. Ukame uliua ng'ombe wengi, waliobaki wakapelekwa mbali, na kwa miaka kadhaa malka ile haikukanyagwa. Ardhi tupu humuuma mkulima. Alingoja, akaangalia huku na huku, akapanda. Lakini sasa mabwawa ya uwandani yalikuwa yamekauka tena, na ng'ombe wa kina rafiki yangu walikuwa njiani. Malka ya chini, mafuriko yalikuwa yameukata ukingo wake kama ukuta; ng'ombe akishuka hapandi. Ya juu ilikuwa mbali mno kwa wanyama waliobaki mbavu. Ilibaki hii ya mjomba, na mahindi yake yalikuwa bado wiki nyingi kukomaa. Ng'ombe mwenye kiu akisikia harufu ya maji hasimami kwa ajili ya mahindi, na mwenye mahindi akiona yanakanyagwa hakai kimya. Watu wamezikwa huku kwa jambo hilohilo. Hatulizungumzi sana, ila kiangazi kikianza kila mtu analo moyoni.

Wazee wa Kiorma walikuwa wameshatuma watu kwa mjomba. Aliwajibu mbele ya kijiji kizima kwamba ng'ombe hakanyagi mahindi yake hadi avune. Mjomba akishasema mbele ya watu, amejifunga. Hata mama yangu hamwezi.

Habari ya wageni, hata hivyo, ilimchangamsha. Alisikia neno "wageni" akaona mahindi ya kuchoma yakinunuliwa. Akaichukua baiskeli yangu mkononi, akaisimamisha katikati ya mahindi, akaupima upana wa usukani kwa panga, akaongeza shubiri moja kila upande, na papo hapo akaanza kufyeka kuelekea mtoni.

"Baiskeli ipite," alisema. "Baiskeli haili."

Tulimfuata nyuma tukiokota mabua. Tulipokaribia mto, rafiki yangu alisimama, akakohoa kidogo.

"Mjomba," alisema, "hii njia ya baiskeli, ng'ombe moja moja inatosha."

Mjomba aliendelea kufyeka. Nilitamani ardhi inimeze.

"Ikigeuza shingo?" aliuliza hatimaye, bila kugeuka.

"Tunaweka miiba. Kama boma ya ndama. Huku na huku."

"Hiyo miiba nani anakata?"

"Sisi."

Mjomba alifyeka mabua mengine matatu manne, akanyoosha mgongo, akautazama mto. "Mimi nilisema ng'ombe haikanyagi mahindi," alisema. "Hapa si mahindi tena. Nimeshafyeka." Akaenda zake kunywa chai, hakutukaribisha.

Watu wa rafiki yangu walikuja na punda. Walikata matawi ya mathenge, yaleyale yaliyonitoboa magurudumu, wakayaburuta na kuyapandanisha kama wanavyojenga boma, shina nje, ncha ndani, tawi likiuma tawi. Wanaume walikata, wanawake walisuka, maana wao ndio wenye mkono huo. Wafugaji wakiyajengea uzio mahindi ya mkulima: jambo hilo sikuwahi kuliona, na sidhani mjomba aliwahi. Alipita nyuma yao akisukuma kila tundu kwa ncha ya panga. "Hapa ulimi unapita," alisema. Mama mmoja wa Kiorma akaziba, akamwambia kitu kwa Kiorma. Mjomba anajifanya hajui Kiorma. Lakini alicheka.

Wageni, kwa upande wao, walinitumia ujumbe kwenye simu kushukuru. Walikuwa wametazama picha za njia nilizowatumia na kuona kwamba bonde letu halina mteremko wa kutosha. Sikumwambia mjomba.

Ng'ombe walifika asubuhi, vumbi likitangulia. Wachungaji walishika fimbo zao. Vijana wa kijiji chetu walikuwa upande wa pili wa mahindi na mapanga, eti wanakwenda kukata kuni, ingawa kuni upande ule hakuna. Hakuna aliyemsalimu mwenzake kwa sauti. Nilisimama karibu na mdomo wa njia nikiwa nimeshika baiskeli yangu, kwa kuwa sikujua nishike nini kingine.

Ng'ombe wa kwanza alikuwa jike mzee, mweupe, nyonga zimetokeza. Rafiki yangu alisema huyo aliijua malka tangu zamani. Ndiyo shida. Aliijua ikiwa pana. Alifika kwenye mdomo wa njia, akaona kuta mbili za miiba na uwazi wa upana wa usukani, akasimama. Walio nyuma walisikia maji. Walianza kusukumana, pembe zikigongana, mlio ukipanda. Rafiki yangu aliingia mbele na baiskeli yake, akapiga kengele. Jike mzee alimtazama tu. Uzio ulianza kulia mahali palipobanwa, na upande wa pili nikawaona vijana wakiinuka wote kwa pamoja.

Ndipo mjomba alipotokea kwenye njia, akitoka mtoni na ndoo. Rafiki yangu akasogea kando na baiskeli yake, na mjomba akaja moja kwa moja hadi usoni pa yule ng'ombe, akamwinamishia ndoo hadi maji yakamlowesha pua. Ng'ombe akanyoosha ulimi. Mjomba akarudi nyuma hatua moja. Ng'ombe akaingia hatua moja. Wakaenda hivyo, mzee akitembea kinyumenyume kati ya mahindi yake, ameikumbatia ndoo, ng'ombe akimfuata, na nyuma yake mwingine, na mwingine, mmoja mmoja, mstari ambao sikuuona mwisho wake. Mjomba hakuwatazama vijana wala wachungaji. Alikuwa akizungumza na ng'ombe polepole, kwa Kiorma.

Walipofika ukingoni, mto ukiwa mbele yao wote mzima, jike mzee hakushuka. Aliingiza kichwa kwenye ndoo, akanywa hadi ikagonga tupu, na mjomba alibaki ameishika kwa mikono miwili, maji yakimchuruzika kikoini.

"Mto wote ule," alimfokea, "na wewe unataka ndoo yangu!"

Mtu fulani alicheka, sijui wa upande gani, kisha wengi. Mimi sikucheka. Nilikaa chini palepale kando ya baiskeli yangu, nikalia. Mjomba alishuka majini, akajaza ndoo, akampelekea tena.