Jirani alilenga mbwa na shotgun, ng'ombe wangu akapoteza jicho

Wakuu, sopa. Hii hekaya sijaitia chumvi hata kidogo, na bado niko na hasira nikiandika.

Mimi ni mfugaji, huku ndani ya Kitengela. Jirani yangu ni mzee wa Kikamba, ako na shamba la nyanya Kimana. Alipohamia hapa alinipa mtamba mwekundu. Sisi Wamaasai, mtu akikupa ng'ombe, majina mnaweka kando. Mnaitana "pakiteng", yaani wewe wa ng'ombe, mpaka mzeeke. Hata watoto wangu walimjua kwa hilo tu.

Sasa, pakiteng ako na shotgun, licence iko sawa. Ni ya kufukuza nyani na ndege kule shambani.

Jioni moja mbwa koko wakaingia kwa ng'ombe wangu, wakifukuza ndama. Niko na rungu, nimeshawakaribia. Pakiteng akatokea kwa gate yake, mbali huko, akafyatua.

Kwa wale hawajui: rifle ndani ya mtutu iko na mifereji, inazungusha risasi moja iende straight. Shotgun mtutu wake ni laini. Inatema marisau, punje ndogo nyingi, na zikienda mbali zinatawanyika. Ukiwa karibu utaua nyoka. Ukiwa mbali hujui nani ataumia.

Mbwa wote walitoroka wazima. Ule mtamba, siku hizi ni ng'ombe wa maziwa, akabaki akizunguka na kugonga kichwa kwa ua. Vet akaniambia jicho limeenda.

Nikangoja pole. Wapi! Jamaa alikuja mikono mfukoni.

"Pakiteng, si ungeshukuru? Ingekuwa rifle angekufa. Hii ni ya ndege tu."

Hiyo "ya ndege tu" ndiyo ilinichoma. Kama ni ya ndege, mbona unapiga kwa ng'ombe wa wenyewe? Na huyo ng'ombe alimtoa yeye mwenyewe, kwa mkono wake!

Jana kwa duka akaniita tena, anacheka, "Pakiteng!"

Nikamwambia, "Mimi naitwa Daniel."

 Kila mtu pale anajua kumrudishia pakiteng jina lako ni kumvua hiyo heshima, na ni zito kuliko matusi.

Funzo nimepata: jirani akinunua bunduki, muulize mapema ataipiga wapi na akiwa umbali gani. Mimi niliona aibu kuuliza.

Wakuu, nimezidisha? Semeni ukweli, hata wa kuniuma. Mimi asubuhi nikienda kumkamua lazima nipitie upande ule anaona, ndio asishtuke.