Mwaka Niliokosa Usingizi Kihambani

Iko siku moja naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Ilikuwa asubuhi, kahawa imechanua, migomba inadondosha umande, na Kibo imeonekana yote nyeupe kabla mawingu hayajaifunika. Nilikuwa nimechuchumaa uani nasugua sufuria kwa majivu, na sufuria yenyewe ilishakuwa safi. Shangazi Apolonia, dada wa marehemu baba mkwe wangu, akaingia akasimama. Shikamoo yangu hakuiitikia. Aliniuliza tu kama nimelala.

Mwanangu unayesoma haya, sikuwa nimelala wiki nyingi.

Mume wangu Kalisti alifariki kwa ajali ya lori njia ya Himo. Tukamzika kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo linalozunguka nyumba, hapa hapa juu ya mji wa Mkuu, katikati ya migomba aliyoachiwa na baba yake. Udongo wa kaburi haujakauka, shemeji yangu Aloisi akang'oa masale ya mpaka wa juu akayapanda huku ndani, kwenye kahawa yangu. Namtaja jina kwa sababu yeye mwenyewe hakuona aibu. Wewe mtoto wa mjini pengine masale huyajui. Ni mmea wa majani marefu tunaopanda mpakani, na huku kwetu kuung'oa ni kama kumvua mtu nguo kanisani. Nilipokwenda kulia kwa mama mkwe wangu, Melania, aliendelea kumenya ndizi kana kwamba ni upepo umeingia.

Basi usingizi ukaniacha. Nililala macho wazi nikihesabu kila jani linaloanguka. Nikajaribu mbege, pombe yetu ya ndizi, lakini ilikuwa inaniangusha tu, kulala silali. Na kilichoniuma zaidi ni jirani yangu Hyasinta, mjane mwenzangu wa ukoo uleule. Yeye Aloisi alimnyang'anya kipande kikubwa kuliko alichoninyang'anya mimi. Hyasinta alilia, akamtukana kwa Kichagga matusi nisiyoweza kuandika, akala mtori wake wa ndizi, akalala. Tukienda kukata majani ya ng'ombe ananiambia, "Mwenzangu, mimi nikigusa mto tu nimeshakufa." Nilimchukia kwa hilo kuliko nilivyomchukia Aloisi. Nikadhani mimi ni dhaifu, au nimerogwa.

Kumbe Aloisi ananitazama. Nilisahau mzigo wa majani njiani nikarudi mikono mitupu, akaeleza watu. Nilimwita mwanangu Deo kwa jina la marehemu baba yake, akaeleza watu. Pale wanapokunywa pombe akawa anasema yule mwanamke kichwa kimeondoka, ataunguza nyumba na mtoto ndani, afadhali kihamba akishike yeye mpaka Deo akue. Akaitisha kikao cha ukoo. Hapo nikaelewa: nikifika mbele ya wazee nimechoka hivi, natetemeka, nachanganya majina, watamwamini, na mimi na mtoto wangu tutatoka.

Haya yote nilimwambia shangazi asubuhi ile. Akavuta kigoda.

"Acha hiyo sufuria, Mama Deo. Haijakukosea kitu."

Kisha akaniuliza nilikuwa nalalaje nikiwa mdogo. Swali hilo hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamwambia baba yangu alikuwa anarudi kilabuni amelewa, na mimi kwa mwendo wa miguu yake nilijua kama leo mama atapigwa. Nilikuwa nakaa macho ili niwahi kuwatoa wadogo zangu mlango wa nyuma, niwafiche migombani. Shangazi akasogeza kigoda karibu yangu.

"Hyasinta alikua akilala usiku. Wewe ulikua ukisikiliza mlango. Aloisi hakukuanza, alikukuta hivyo. Si uchawi, wala si udhaifu. Ni ulinzi uliojifunza ukiwa mtoto, na hakuna aliyekuambia zamu yako imeisha."

Nililia pale, mwanangu, mikono imejaa majivu.

Lakini hakuniacha nijihurumie. Akanisema kwamba naingia kitandani jua bado liko, nauvizia usingizi kama kuku wa kuchinja. Mchana nasinzia juu ya majani ya ng'ombe, jioni nakunywa chai ya rangi mpaka birika linakauka, halafu nashangaa. Akaniagiza nisiingie kitandani mpaka kope ziwe nzito, na nikikosa usingizi niinuke nikae jikoni, nisigombane nao. Kuhusu mpaka, akasema tutautembea naye kila alasiri, tuuseme wote, tumalize, tusiuingize ndani ya nyumba.

"Na zamu nachukua mimi. Mlango ukigongwa, ni wangu."

Jioni ile akaja na blanketi na panga. Akasema panga ni la migomba. Tukacheka, mimi kwa mara ya kwanza tangu msiba. Jioni zile nazitamani hata leo: moshi wa kuni, kiburu cha ndizi na maharage kwenye chungu, ng'ombe anacheua nyuma ya ukuta, na shangazi anakoroma chumba cha mbele eti analinda. Usingizi haukuja mara moja. Ulirudi kidogokidogo.

Siku ya kikao Aloisi alisema yote aliyojiandaa kusema. Mzee mmoja akaniambia niwaonyeshe mpaka. Nikatangulia, nikawaonyesha kila sale lilipokuwa na nani alilipanda, sauti haikutetemeka. Wakaamua masale yarudishwe.

Aloisi bado anakaa benchi la mbele kanisani. Melania alikufa hajaniomba radhi. Sijawasamehe vizuri, nisikudanganye. Lakini nalala. Na Deo akichelewa kupiga simu, usingizi ndio wa kwanza kuondoka, ndivyo nilivyo.

Kwa hiyo mwanangu, ukikosa usingizi, usijipime kwa anayekoroma pembeni yako. Jiulize mzigo wa leo ni upi, kisha jiulize ni jeraha gani la zamani umekalia. Mzigo useme mchana, kwa mtu, kwa sauti. Jeraha usilionee haya, na likikushinda nenda hospitali ukaseme hivyohivyo. Na ukimwona mwenzako macho mekundu, usimwite kichaa. Chukua blanketi lako uende.

Mungu akulaze salama, akuondolee wa kukunyang'anya, na kila asubuhi uamke ukiwa na nguvu za kusimama penye chako.