Mkia wa Mpira

Karakanani walimwita Kalibu, maana kazi yake ilikuwa kuchonga kalibu, yaani viunzi vya kutolea umbo, na kumimina ndani yake. Ujanani alimimina jasi za mapambo ya dari. Uzeeni akamimina samaki.

Samaki mwenyewe ni roboti wa mpira, laini kama ulimi. Mkiani mna vyumba viwili. Pampu ndogo ikijaza maji chumba cha kulia, mkia unapinda kushoto. Ikijaza cha kushoto, unapinda kulia. Ndivyo anavyoogelea.

"Kalibu!" mhandisi, binti mcheshi, aliita kila asubuhi.

"Asante, nimeshakaribia."

Utani huo ndio uliokuwa mazungumzo yake ya kutwa. Tangu kumzika mkewe, nyumbani alirudi giza likishaingia, akalala. Karakana ilimfaa, ilikuwa na kelele za watu. Lakini kazi ilikuwa ya samaki huyo mmoja. Siku samaki atakapovuka bwawa la majaribio, mmiminaji anaagwa.

Samaki hakuvuka. Kiputo cha hewa kilikuwa kimebaki ndani ya mpira, upande mmoja ukawa dhaifu, akazunguka palepale.

"Mzee wangu, huyu si samaki, ni kuku aliyefungwa mguu!" mhandisi alicheka, kidole kwenye rimoti.

"Mvumilie, mwanangu. Bado mgeni wa maji."

Akamimina mkia mwingine, wenzake wamekwenda kula. Mpira mzito ukajaa polepole. Kiputo kingine kikapanda, kikanasa kwenye shina la mkia. Sindano alikuwa nayo mkononi.

Angekiacha, samaki angezunguka tena, naye angebaki na watu siku nyingine kadhaa. Nani angejua?

Alikitazama sana. Kisha akakitoboa. Kazi mbovu haijapata kutoka mkononi mwake, hata dari ya choo.

Mpira ulipoganda, samaki akavuka bwawa lote, mkia huku, mkia kule, akagusa ukuta. Watu wakashangilia.

"Mzee wangu, sasa ukapumzike nyumbani," mhandisi alimwambia, amemshika mkono.

"Haya, mama."

Aliondoka jua lingali juu. Akafungua mlango, akasimama sebuleni asijue akae wapi. Kumbe saa ile mwanga wa dirishani hufika mpaka kwenye kiti cha mkewe, kwenye mto uliobonyea.

Akavua viatu. Akaketi chini, kando ya kiti.