Mji Usiovaa Sweta

Mdogo wangu wa kiume ni mjinga, na sisemi hivyo kwa hasira. Nimemlea mwenyewe tangu mama yetu afariki, nikamsomesha ufundi, kwa hiyo ujinga wake naujua kama ninavyozijua rafu za duka langu. Ni fundi wa heater, zile za kuchemsha maji ya kuogea, na katika mji wetu wa baridi fundi wa heater halali njaa. Mikono anayo. Kichwa ndicho hakina kitu. Mtaani wanamwita Daftari, maana hawezi kununua hata kiberiti bila kuandika kwanza faida zake upande huu na hasara zake upande ule. Mwanamume mzima, kalamu sikioni, anawaza kiberiti.

Mke wake ni wifi yangu, na kumwita wifi kunatosha. Alinijia akiwa bado msichana, hajaolewa, anatafuta kazi, nikampa kiti mbele ya mashine ya kufumia sweta. Mimi nauza sare za shule. Shati na sketi hata kipofu anashona, lakini sweta ya shule ina shingo yake, ina mistari miwili ya rangi kiunoni na mikononi, na isipolingana na za wenzake mwalimu mkuu anairudisha dukani na maneno juu. Wifi yangu alikuwa anafuma sweta arobaini usione tofauti ya uzi mmoja. Walimu wa shule sita walikuwa wananipigia mimi simu kwa sababu ya mikono yake. Nilimweka chumba cha nyuma, chenye dirisha moja, na hilo dirisha nilipiga marufuku lisifunguliwe, kwa sababu ukungu wa kwetu ukiingia unalowesha uzi. Hapo ndipo mdogo wangu alipomwona, alipokuja kutengeneza bomba. Akaandika faida na hasara miezi minne, kisha akamwoa.

Walipofikisha mwaka wa pili wa ndoa, wifi akaanza kukohoa. Nikamwambia ajikaze. Watu wataniona sina roho, lakini mimi nimefungua duka nikiwa na homa, nimefungua duka siku ya pili baada ya kumzika mama, na sikumsumbua mtu. Vijana wa siku hizi wakichoka kidogo tu wanajitafutia ugonjwa wa kuusingizia. Sasa siku moja alikuwa anapanda ngazi za dukani, ngazi zenyewe tisa, akafika ya tano akaketi. Kifua kilikuwa kinapiga filimbi hadi wateja wakageuka. Aliniambia kitu pale, mimi nilikuwa nafunga mzigo wa shule ya wasichana, nikamwambia akishapumzika arudi kwenye mashine.

Jioni yake Daftari akampeleka kwa daktari. Kesho yake mdogo wangu akaja dukani, akasimama mbele ya meza kama mteja.

"Dada, tutahama," akasema. "Hali ya hapa haimfai. Twende mahali pa joto."

"Hayo amesema daktari au umesema wewe?"

"Daktari amesema akiendelea hivi kifua kitakwisha. Miaka mitatu, minne, hataweza hata kubeba mtoto."

Hapo aliniweza, maana na mimi namtaka mtoto wa mdogo wangu. Lakini nitasema ukweli kama ulivyo: kilichonichoma zaidi ni kumpoteza mfumaji. Wafumaji wa kubahatisha wako wengi. Wa kufuma sweta arobaini zinazofanana sikuwa nimewahi kumpata mwingine, na sitampata.

Basi, Daftari akafungua daftari. Miji ya joto ilikuwa miwili aliyoifikiria, wa Ziwani na wa Bondeni. Akaipanga kwenye kurasa mbili zinazotazamana: joto, maji, nyumba, mbu, hospitali, kazi, umbali. Akafunga safari akaenda kuiona yote miwili, akarudi na uso umevimba kwa kuumwa na mbu na kurasa kumi na moja za maandishi. Jumapili hadi Jumapili alikuwa anatusomea mezani, chakula kinapoa.

Ziwani, kwa maneno yake mwenyewe, kuna upepo mchana kutwa. Kuna chumba chenye baraza. Kuna hoteli ambayo meneja wake amemwahidi kazi, kwa sababu wageni wa hoteli hata kukiwa na joto la kuyeyusha mshumaa bado wanadai maji ya moto bafuni. Kazi yake ileile, kofia yake ileile. Bondeni hakuna upepo kabisa. Maji yanatoka siku mbili kwa wiki. Mbu wanaanza kazi saa kumi na moja jioni bila kuchelewa. Na huko heater hakuna anayeijua ni mnyama gani, maana maji ya bomba yenyewe yanatoka yamechemka.

Mtoto wa chekechea angechagua hapohapo, akarudi kucheza. Daftari alichukua wiki tatu. Alikuwa analikuna sikio kwa kalamu na kuniambia, "Ziwani kuna konokono wa kichocho kwenye maji, dada."

"Kwani nani kakutuma ukayanywe maji ya ziwa?"

"Nasema tu."

"Nawe, wifi, unapenda wapi?" nikamuuliza mkewe, kwa adabu tu, kwa sababu mtu mwenye akili hangoji jibu la yule.

"Popote pa joto, wifi," akasema, na akaendelea kuokota makombo ya mkate mezani kwa ncha ya kidole.

Nikawaangalia wale wawili nikasikitika. Fundi wa heater na mfuma sweta, wamekaa wanachambua miji miwili ambayo ukiondoa wageni wa hoteli hakuna anayeoga maji ya moto, wala hakuna anayevaa sweta, na hakuna kati yao aliyeliona hilo. Kwenye kurasa kumi na moja neno sweta halikuwemo. Nikasema moyoni, hawa nikiwaachia watakufa njaa wakiwa wamechagua vizuri.

Kwa hiyo nikachukua hatua, kama kawaida yangu. Sikumwambia mtu. Nilipanda basi la alfajiri hadi Ziwani, nikauliza shule zilipo, nikaambiwa iko moja juu ya kilima. Nikapanda huko kwa miguu. Mwalimu mkuu, mama mmoja mnene mwenye akili timamu, akaniambia kweli, mchana watoto wanatoka jasho, lakini asubuhi upepo wa ziwa ukiwapiga wanatetemeka hadi mapumziko. Hakuna aliyewahi kufikiria sweta pale. Tulikubaliana kwenye kikombe kimoja cha chai: rangi ya damu ya mzee, mstari mmoja mweupe shingoni. Nilirudi nimechoka lakini roho imetulia. Wifi angeondoka na mashine. Uzi ningekuwa namtumia kwa basi kila wiki mbili, yeye anafumia shule ya kilimani, na za shule zangu sita ananirudishia kwa basi hilohilo. Joto analipata, kazi anaipata, na mimi sipotezi kitu. Nilijipongeza peke yangu garini.

Jumapili nikawatangazia, nikiwa nimepika vizuri makusudi. Nilieleza yote, kilima, mwalimu, rangi, basi. Nilitegemea shukrani. Wifi yangu aliweka kijiko chini. Hakunitazama mimi, alimtazama mumewe, na Daftari, mtu ambaye hata bei ya nyanya anaiandika, hakuandika neno.

"Umeenda mwenyewe mpaka huko, dada?" akaniuliza.

"Sasa nani mwingine angeenda?"

"Asante," akasema. Wakamaliza kula, wakanioshea vyombo, wakaaga.

Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kabla sijafungua.

"Dada, tumekata shauri. Tunaenda Bondeni."

Nilimwambia maneno ambayo wateja wawili waliyasikia na kuahirisha kununua. Nilimwambia amerogwa, nilimwambia hana mbele wala nyuma, nilimuuliza kama ni mbu ndio waliompendeza au ni ukosefu wa maji. Akasimama ameinamisha kichwa hadi nikaishiwa pumzi. Halafu akasema, "Tunaondoka Ijumaa," akaenda zake.

Mashine hawakuichukua. Wifi alikuja siku ya mwisho akaisafisha sindano moja moja, akaitia mafuta, akaifunika kwa kitambaa, akanipa mkono. Nikampa vidole viwili.

Miezi mitano nilikuwa nawacheka. Kila mteja aliyeniuliza habari za fundi nilimsimulia habari za daftari na kurasa kumi na moja, tukacheka pamoja. Nikasikia fundi mzima wa heater sasa anatengeneza feni, amekaa kibarazani anafuta vumbi la mapanga ya feni za watu. Nikasikia mkewe anashona vyandarua. Nikasema vizuri, huko mbu ndio matajiri, wacha wawafanyie kazi. Nilingoja simu ya kusema wamekosea. Niliandaa hata majibu yake. Simu ilikuja ya kunijulia hali tu, kila Jumamosi, dakika tatu, halafu kwaheri.

Wafumaji wanne niliowajaribu hawakufaa. Sweta zao mkono mmoja unafika kiganjani, mwingine unaishia kiwikoni, na shule mbili zilikuwa zimeshanikimbia. Ndipo nikajaza mfuko mkubwa wa uzi, rangi zote sita za shule zangu, nikapanda basi kwenda Bondeni. Niliona hivi: mji hauvai sweta, sawa, lakini mikono ya wifi haijakatwa. Mashine ingefuata. Afume huko, mimi niuze huku, na hilo joto lake aliote bure.

Ni kweli kunachoma. Nilishuka saa sita mchana nikaona jasho linanitoka hadi kwenye kope. Wanakaa ghorofa ya tatu, jengo la ngazi nyembamba, na bomba liko chini uani. Nikapanda na mfuko wangu nikipumzika kila mahali pa kupumzikia. Mdogo wangu alifungua mlango. Alifurahi, nakiri, uso ulimfunguka. Kisha akauona mfuko, na uzi umechungulia juu.

"Karibu dada. Huo mfuko uuache hapo nje."

"Nje wapi? Utaibwa."

"Uibwe."

Sijawahi kusikia sauti hiyo ikitoka kwa mtoto yule. Nilikuwa bado nimeushika mfuko niliposikia mtu anapanda ngazi kutoka uani, anapanda huku anaongea, anamsimulia jirani aliye chini yake habari ndefu ya muuza kitambaa aliyempunja kipimo, na anacheka katikati. Alikuwa wifi yangu. Ndoo mbili za maji, moja kila mkono. Alipanda ghorofa zote tatu bila kunyamaza. Alipofika juu nikakitegea sikio kifua chake kwa makusudi. Hakikuwa na filimbi. Mimi ndiye niliyekuwa nahema.

"Shikamoo wifi," akasema, akaweka ndoo chini, macho yake kwenye mfuko. Akarudi nyuma hatua moja.

"Marahaba. Naona joto limekupenda," nikasema. "Basi sasa unaweza kushika kazi."

Wakaangaliana, kama siku ile mezani. Mdogo wangu akasema, "Mwambie." Naye akaniambia, akiwa amesimama mbali na ule mfuko, kwa sauti ya kawaida kabisa ya kumweleza mtu njia.

"Wifi, daktari hakusema baridi. Alisema uzi. Manyoya ya uzi na chumba kisicho na hewa. Alisema niache kufuma, basi, nitapona. Tungeweza kubaki palepale nyumbani."

"Kumbe. Sasa kilichowahamisha ni nini?"

"Ningeachaje kufuma, nikiwa mtaa wa pili kutoka dukani kwako?"

Nikamgeukia Daftari, maana yule ni wangu, nimemlea. Alikuwa anaitazama sakafu, lakini alisema.

"Tulitafuta mji usiovaa sweta, dada. Ili usiwe na sababu ya kumtumia uzi. Ilikuwa miwili. Mimi nilitaka Ziwani, kazi yangu ilikuwa kule. Tulikuwa tumeshakubaliana Ziwani, tunangoja tu kukuaga. Halafu wewe ukaenda ukatafuta shule."

"Mngeniambia," nikasema.

"Nilikwambia," akasema wifi yangu. "Siku ile niliyokaa kwenye ngazi. Nilikwambia ni uzi unaonikaba."

Huyu mtoto aliacha ufundi wake, akaacha upepo na baraza, akachagua mbu na maji ya siku mbili kwa wiki, mradi asilazimike kusimama mbele yangu akasema mke wangu hatafuma tena. Na angesimama ningemfanya nini? Najua ningemfanya nini. Aibu ilinishika hadi masikioni, na wao hawakunitupia hata neno moja.

Walinipokea vizuri, siwezi kusema uongo. Maji ya kuoga niliwekewa ya kutosha, ingawa ilikuwa siku isiyo ya maji. Nilipewa kiti kilicho karibu na feni. Wifi alinitilia chakula kabla ya mumewe, akaniuliza habari za goti langu, akanisikiliza hadi mwisho. Na tulipomaliza kula, mdogo wangu akaniuliza, kwa heshima zote, kama basi langu la kesho ni la asubuhi au la mchana.