Ubatizo wa Marehemu Babu

Babu yangu alibatizwa Marekani miaka mingi baada ya kuzikwa Kiislamu hapa Mombasa. Binamu yangu alihamia huko, akaingia dini ya Wamormoni, ambao humbatiza aliye hai kwa niaba ya maiti. Alipokwisha kuzamishwa majini badala ya babu, alitupigia simu nyumbani Ndia Kuu kutupa habari njema. Simu aliipokea shangazi, akaja juu.

“Akitaka, huko aliko anaweza kukataa, shangazi,” alimtuliza.

“Akatae vipi nawe hukumuuliza? Huna haya, mwanangu!”

Shangazi alikuwa na haki ya kukasirika. Mwaka uliotangulia yeye mwenyewe alimtuma jirani Makka akamhijie babu, naye babu, kwa adabu zake, hakupinga.

“Na hiyo hija, aliiomba?” binamu akauliza.

Shangazi alikata simu.