Mzigo Kwanza, Nati Baadaye

Kosa langu la kwanza la ufundi nililifanya nikiwa darasa la tatu, pale Elerai: nilifunga gari langu la waya likiwa mapajani. Kwa mtoto wa leo hilo si kosa, ni neno tu. Lakini enyi mliokata matairi kwenye visigino vya ndala za baba zenu mkachapwa kwa ajili hiyo, nyinyi mnajua ninachosema.

Enzi zetu gari halikununuliwa. Waya tuliuokota kwenye seng'enge zilizoanguka, tukaunyoosha kwa jiwe mpaka vidole vikanuka kutu. Bodi lilikatwa kwenye dumu la mafuta ya kula, springi zilikuwa vipande vya mpira wa tyubu, na usukani ulikuwa fimbo ndefu yenye duara juu, ili dereva aendeshe huku amesimama. Mwezi wa saba, ukungu wa Meru uliposhuka mpaka kwenye paa za nyumba, tulitoka na masweta yaliyofumwa na mama zetu, kamasi zikiwa zimekaukia juu ya mdomo, tukapanga magari yetu mstari mmoja juu ya mteremko wa kwenda mtoni. Harufu ya vumbi lililolowa umande bado iko puani mwangu.

Tulikuwa na sheria yetu, na sijui nani aliitunga. Kabla ya kufunga ule waya wa mwisho, unaopita kwa nyuma kutoka gurudumu la kushoto hadi la kulia, ilikuwa lazima kwanza upakie mzigo. Unajaza kokoto, gari linakaa chini kwa uzito wake, miguu inatanuka kidogo, ndipo unafunga. Ukifunga likiwa tupu, siku ya mzigo waya unavutana na miguu, na gari linatembea kama mbuzi aliyekanyaga mwiba.

Mimi sikutaka kokoto zichafue gari langu. Nililifunga mapajani, taratibu, kila fundo limelala sawa na mwenzake. Lilikuwa zuri mno. Nakumbuka nililala nalo. Kesho yake kaka yangu Saitoti akalijaza kokoto, akalisukuma, likapinda kiuno na kupinduka hata kabla ya nusu ya mteremko. Wenzangu walicheka mpaka mmoja wao akakaa chini. "Gari la harusi hilo," Saitoti alisema, "halibebi watu, linabeba maua tu!" Mimi sikucheka. Nilirudi nyumbani, nikakataa hata loshoro, na mtu anayekataa loshoro ya mama yangu, yenye mahindi laini na maziwa mgando yaliyokolea, huyo ana ugonjwa. Mama alikuja akakaa karibu nami jikoni. "Baba," aliniambia, "gari limeanguka, wewe hujaanguka. Kula."

Ningependa kusema kwamba nilijifunza. Lakini nilikua nikiwa vilevile, mtu wa kurudi kuangalia kama mlango nimefunga, kisha kurudi kuangalia kama nilipouangalia niliuangalia vizuri. Ufundi wa magari sikusomea popote. Nilijifunza kwa kutazama video kwenye simu na kufungua gari la nyumbani, wagoni kuukuu ambalo Mama analitumia kuchukua maziwa kwa wafugaji juu ya Ngaramtoni na kuyaleta kwa wateja wake Sakina. Mimi ndiye dereva. Yeye alikuwa akikaa kiti cha nyuma, amekumbatia makopo yasipinduke.

Gari hilo lilikuwa na tabia ya kuchezesha mkia. Shokapu za nyuma nilizibadilisha, lakini kwenye kona lilibaki kama mtu mwenye kiuno kilicholegea. Asubuhi moja yenye manyunyu, kwenye kona ya kuteremka, nyuma ikatoka. Ikatupeleka upande wa lori lililokuwa linapanda. Nilizungusha usukani, sijui vipi, tukapita. Nyuma yangu nikasikia makopo yakigongana, kisha kimya. Nikaita, "Mama!" Akajibu polepole, "Nipo." Gauni lake lote lilikuwa maziwa.

Hakunigombeza. Alisema tu kwamba kuanzia Jumatatu atapanda bodaboda na makopo yake. Mama yangu, na umri ule, kwenye utelezi ule, makopo mawili mapajani. Hapo ndipo usingizi uliponiisha.

Nikatafuta lile bomba la chuma ambalo huunganisha vichwa vya shokapu mbili za nyuma, ndani ya buti, ili mwili wa gari usijikunje kwenye kona. Nilimwomba Mama asubiri, asipande bodaboda kabla sijamaliza. Jumapili baada ya ibada nilipiga jeki uani, nikafungua nati za upande wa kushoto, na hapohapo kichwa cha shokapu kikazama ndani ya tundu lake kama kichwa cha kobe. Nilikivuta kwa koleo. Nikalazimisha nati, ikaingia mshazari na kung'ata. Upande wa kulia matundu ya bomba hayakukutana na bolti, nikapiga nyundo mpaka yakakutana. Niliposhusha jeki, buti likatoa mlio, kwiii, kama mlango wa banda. Nikalizungusha uani: kila shimo, kwiii. Nilikuwa nimechukua gari bovu nikalifanya la hatari.

Saitoti alikuwa ameegemea ukuta, anakula muwa. "Fundi wa video," alisema, "rudisha nyuma uangalie pale walipokata kipande."

"Kaka, niache kidogo."

"Nikuache? Umelinyanyua juu, umelifungia hewani, halafu unalishangaa likilia chini? We dogo, hata kokoto umesahau?"

Alisema akitafuna, hana habari na alichosema. Mimi nikakaa chini palepale kwenye mafuta. Nilipokuwa nakaza, gari lilikuwa linaning'inia kwenye jeki, gurudumu halibebi kitu, na mimi nimelifunga mapajani kwa mara ya pili maishani.

Nilifungua kila kitu. Nilikimbia Sakina kwa muuza spea mmoja anayefungua hata Jumapili, nikapata nati mpya. Uzi wa bolti ulikuwa umekwaruzika nchani tu, nashukuru Mungu. Nikaliweka gari chini kwa miguu yake minne, nikajaza maji makopo ya maziwa na kuyapanga kiti cha nyuma. Halafu nikamwendea Mama, naona aibu hata kusema.

"Mama, naomba ukae ndani. Pale unapokaaga."

Aliniangalia, akapanda na kitenge chake cha kanisani, akayakumbatia makopo. Gari likashuka kidogo. Nikaweka bomba, na matundu yenyewe yakaangukia kwenye bolti, pande zote mbili, bila nyundo. Nilikaza. Nikalegeza ili nihakikishe. Nikakaza. Nikaona kama nimezidisha, nikalegeza.

"Umemaliza?" sauti ya Mama ikatoka mbele yangu.

"Bado sijaridhika."

"Wewe hata kuzaliwa hukuridhika. Mkunga alienda kunywa chai akarudi akakukuta bado." Nikasikia anacheka. "Baba, hiyo nati itaisha kabla ya gari. Kaza, utoe mkono."

Nilikaza, nikatoa mkono. Hakuna kazi ngumu zaidi niliyowahi kufanya.

Jumatatu alfajiri alipanda nyuma na makopo yake. Tulipokaribia ile kona nilipunguza gia. Niliingia taratibu, masikio yote yako kwenye buti. Mkia ulifuata kichwa. Hakuna mlio, hakuna kopo lililogonga jingine. Hata hivyo nilisimama pembeni nikafungua buti kuangalia, na Mama akaniambia kwa dirisha kwamba maziwa hayangoji mtu mwenye wasiwasi.

Siku hizi napita kwenye ule mteremko wetu wa zamani. Wamejenga. Watoto wapo, lakini magari yao yanatoka dukani na yanatembea kwa betri. Likigoma wanalia wapewe jingine, na lile la mchezo wa kwenye simu likipinduka wanabonyeza kidogo tu, linasimama zima. Sijui nani atawaambia habari za mzigo. Nawaonea huruma, halafu nawaonea wivu, kwa sababu hakuna anayewacheka. Sisi tulipinduka mbele ya watu, tukala loshoro tukiwa na hasira, kesho tukaanza upya na waya uleule. Wasiwasi ule nilidhani ningeuacha Elerai pamoja na ndala zilizokatwa. Sikuuacha. Kila Jumapili bado nafungua buti na kuzigusa zile nati.

Ila Mama ameacha kukaa nyuma. Makopo sasa yanakaa peke yake, yeye anapanda mbele, na tukianza kuteremka huwa ameshasinzia.