Nilivyoenda Mogogosiek Kuonja Chai

Nilitoka kwangu Sosiot kwa sababu ya mashine. Miaka thelathini nimechuma majani chai kwa hii mikono, na hakuna mama wa lile shamba la kampuni aliyenishinda. Halafu wakaleta mashine inayokata majani kama mtu ananyoa kondoo, sisi tukaambiwa asante. Nikasikia Mogogosiek kuna mahali padogo wanasokota chai kwa mikono na wanatafuta mwonjaji. Mzee wangu, baba ya watoto, akacheka.

"Uonje nini wewe? Hujawahi kunywa chai bila maziwa."

Nikafunga kitambaa kichwani, nikatoka.

Saa kumi na mbili asubuhi nilipanda pikapu ya maziwa. Ukungu ulikuwa umelalia mashamba, barabara haionekani, mitungi tu inagongana polepole huko nyuma. Nikasinzia macho wazi. Nikaona vidole vyangu juu ya magoti vinachuma hewa. Havikuwa vimeambiwa kazi iliisha.

Tulipofika mji wa Litein jua likatoka, nikachukua pikipiki. Vilima vya chai vilipita kijani, kijani, mpaka nikasahau ninaenda wapi.

Saa nne nilikuwa mbele ya Chelangat, mwenye kazi, msichana wa umri wa mjukuu wangu. Alikuwa amepanga vikombe vitano vya strungi, chai kavu bila maziwa.

"Kogo," akaniita, yaani nyanya, "kimoja kina chai iliyoharibika. Ukikipata, kazi ni yako. Onja, halafu tema kwa ndoo."

"Niteme chai umenipikia?"

"Ndiyo kazi yenyewe."

"Kwetu nyanya hatemi chai ya mwenye nyumba. Hiyo ni matusi."

Nikameza. Alicheka mpaka akashika meza.

Cha kwanza kilikuwa kichungu kama dawa ya minyoo. Cha pili nikafunga macho. Cha tatu kikanituliza. Cha nne, sikuwa tena kwa ile nyumba. Nilikuwa shambani, mvua imekatika, kikapu kimejaa, lori limechelewa, na majani yananichoma mgongo kupitia sweta.

"Ni hiki," nikasema. "Majani yalikaa kwa gunia yakashika joto."

Chelangat akakinusa kikombe. "Nani amekuambia?"

"Mgongo wangu."

Akaniangalia sana. "Jumatatu uje. Lakini kutema utajifunza."

"Tutaona."

Jioni nilirudi Sosiot na kipakiti cha chai nzuri alichonipa Chelangat. Nikampikia mzee, nikamwekea mbele.

"Maziwa iko wapi? Ng'ombe amekufa?"

"Kunywa, wacha kelele."

Akanywa. Akaangalia nje, kwa mistari yetu ya chai, kwa muda mrefu.

"Iko na harufu ya mvua," akasema, akasukuma kikombe nimwongezee.

Sasa ni mwezi wa tatu niko Mogogosiek, narudi nyumbani kila Jumamosi. Nilichojifunza ni kwamba chai niliibeba miaka yote hiyo na hatukuwa tumesalimiana. Kutema nimejua. Lakini kikombe cha kwanza cha asubuhi nameza, na Chelangat anageukia dirisha, anajifanya hajaona.